Vipimo vya Safu ya Juu

Kituo cha Majaribio, Mashamba ya Chumvi
11 Februari

Mama Moto,

Salamu nyingi. Sanduku limefika salama. Polepole aliliweka kiti cha mbele cha gari akalifunga mkanda kama abiria, na maji yangu ya kunywa akayatupa nyuma, yakamwagika karibu nusu. Nikamwambia amefanya vizuri, heri nife kwa kiu kuliko kisahani kimoja cha kioo cha Mama Moto kipate ufa. Akacheka, jambo ambalo unajua kwake ni adimu kama mvua ya huku.

Visahani vyako nimevitundika siku ileile. Mlingoti wa majaribio sasa una safu tatu za vioo. Safu ya chini ni vile vya zamani, vya magadi matupu, vinavyoshika nyaya kwenye nguzo zote nchini. Ya kati ni hivi vipya, ulivyopunguza magadi ukatia potasi mahali pake. Ya juu nimechanganya aina zote mbili, lakini huko sijaanza kupima, maana ngazi yenyewe siipendi.

Sasa sikiliza. Jioni ukungu unapopanda kutoka kwenye mabwawa ya chumvi, vile vya zamani vinaanza kuguna. Kweli vinaguna, kama mzee aliyeamshwa kabla ya saa yake. Ukungu ukizidi, cheche za buluu zinatembea mgongoni mwake, na mshale wa mita unaniambia umeme unavuja. Vyako vimenyamaza. Mara ya kwanza nilidhani nimesahau kuviunganisha, nikatoka kwenda kutazama. Vimeunganishwa. Vimenyamaza tu.

Ndani nako nimekata kipande cha kila aina nikakipasha moto kwenye jiko dogo la umeme. Kioo cha zamani, kadiri joto linavyopanda ndivyo umeme unavyopita ndani yake, hauna hata aibu. Chako kinajikokota. Niliigonga mita kichwani, ikabaki palepale. Kumbe ulichokuwa ukinihubiria ni kweli: chembe za magadi zikiwa peke yake zinapenyapenya ndani ya kioo na kubeba umeme, za potasi zikiwa peke yake vilevile, lakini ukizitia pamoja zinazibiana njia. Miaka yote ile maabara, wewe chumba cha tanuri unayeyusha, mimi chumba cha pili napima, nilikuwa nadhani unanitania.

Mkuu alisema nakuja huku kwa miezi sita. Huu ni mwaka wa pili. Asiyekuwapo na lake halipo, najua, lakini mwulize kama bado ananikumbuka. Jirani sina. Wafanyakazi wa chumvi wako ng'ambo ya mabwawa, nawaona kama sisimizi wanaobeba sukari. Nimeanza kuusemesha mshale wa mita. Unajibu, ila jibu lake ni lilelile.

Niletee visahani vyenye potasi zaidi. Na andika barua ndefu. Ile ya mwisho niliisoma nimesimama, ikaisha kabla sijavuta kiti.

Wako wa chumba cha pili,
Bwana Mita


Mjini
2 Machi

Kaka yangu Bwana Mita,

Leo vuta kiti kabisa.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena. Sehemu ile ya visahani kunyamaza nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Unajua mimi naviona vikiwa maji mekundu ndani ya chungu, halafu naviona vikiwa vimepoa juu ya meza, basi. Vikishatoka mlangoni kwangu sijui vinakwenda kuishije. Umekuwa kama mtu anayeniletea habari za wanangu.

Vyenye potasi zaidi itabidi usubiri. Tanuri limepata ufa kwenye matofali ya ndani na mafundi hawajaja. Unawajua mafundi wetu, kesho yao ina miguu mirefu. Mkuu anakusalimu, amefurahishwa na vipimo, anasema uendelee.

Binti yangu ameolewa, hilo nilikuandikia. Ambalo sikukuandikia ni kwamba nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa. Juzi nilitengeneza chai ya watu wawili kwa mazoea. Nikanywa vikombe vyote viwili ili kisipotee kitu, nikakesha macho makavu.

Unakula? Si mkate na chai tu? Na koti ulikwenda nalo? Nasikia baridi ya huko ni ya unyevunyevu, inaingia kwenye mifupa kama mpangaji asiyelipa.

Endelea kupima. Niandikie kila kitu.

Dada yako,
Mama Moto


2 Machi

Ndugu Polepole,

Nimekuwekea bahasha hii ndani ya mfuko wa betri za mita. Ile nyingine ni yake, usizichanganye.

Nakuomba tena lile tulilozungumza. Akikuuliza habari za maabara, sema hujui, wewe ni mtu wa barabarani. Usimwambie kuwa imefungwa. Usimwambie kuwa niko stoo. Nitamwambia mwenyewe, nangoja wakati wake. Yule mtu hana kitu kingine kule ila hiyo kazi. Ukimnyang'anya hiyo kwa neno la mdomoni, huku unamshushia mitungi ya maji, atabaki na nini?

Ahsante ndugu yangu. Na wewe punguza sigara.

Mama wa stoo


Kituo cha Majaribio
29 Machi

Mama Moto,

Nilivuta kiti. Nikawasha na taa ya meza ingawa jua lilikuwa bado. Mtu akipata barua ndefu ni lazima aiheshimu.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Kwa kifupi, ukungu wa mwezi huu umekuwa mzito na vyako bado vinashinda. Vile vya zamani vimeanza kufifia usoni, kama kioo cha nyumba iliyohamwa. Unyevu unayala magadi, yanatoka jasho juu, jasho linashikana na chumvi, na umeme unapata barabara. Vyako vinang'aa. Nilikifuta kimoja kwa kitambaa nikajiona uso mzima. Sikufurahi sana na nilichokiona, nimezeeka, lakini kioo hakina kosa.

Nilipatwa na homa kidogo, imepita. Siku ya pili ya homa ukungu ulipanda, nikatoka na blanketi nikapima. Nilijiambia Mama Moto ameketi kule na Mkuu, wanangoja, nitawaambia nililala?

Polepole amekuwa wa ajabu. Zamani alikuwa anakaa tukanywa chai. Siku hizi anateremsha maji, anageuza gari. Nilimwuliza habari za maabara, akasema yeye ni mtu wa barabarani. Nikamwambia basi niambie habari za barabara. Akasema ina mashimo.

Nataka ushauri wako. Safu ya juu bado sijaipima. Kule juu upepo unaleta chumvi nyingi zaidi, na aina mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo kulinganisha kungekuwa kwa haki kuliko huku chini. Lakini ni lazima nipande kuhamisha waya wa mita kutoka kisahani hadi kisahani, nikishakata umeme bila shaka, usiogope. Ngazi imeliwa na chumvi. Kama Mkuu anavihitaji vipimo vya huko, nitapanda. Kama si lazima, naiacha. Sema wewe.

Jambo la mwisho. Ulisema nyumba ya vyumba viwili ni kubwa. Hapa nina chumba kimoja, na ukubwa wake siwezi kuupima kwa mita yoyote niliyonayo.

Bwana Mita


Mjini
14 Aprili

Kaka yangu,

Pole kwa homa. Siku nyingine ukiugua lala, umesikia? Ukungu haukuajiriwa, utarudi wenyewe.

Kuhusu safu ya juu, nadhani ni vizuri uipime. Mkuu atafurahi. Panda taratibu, ujishike vizuri. Halafu niandikie ilivyokuwa, kisahani baada ya kisahani, usifupishe. Nataka kujua na jinsi mabwawa yanavyoonekana kutoka kule juu.

Tanuri bado. Huku hakuna jipya. Nimenunua viatu, vinanibana.

Leo nimeketi mahali penye harufu ya mpira mpya na nimekumbuka ulivyokuwa ukigonga ukuta wa kati mara mbili ukitaka chai. Sikuwahi kukwambia kwamba nilikuwa naweka maji motoni kabla hujagonga.

Barua hii imekuwa fupi. Ya kwako iwe ndefu.

Mama Moto


Zahanati ya Mashamba ya Chumvi
20 Mei

Kwa Mama wa stoo,

Naandika mimi Polepole. Mimi si mwandishi, utanisamehe.

Nilifika kituoni jana mchana na maji. Sikumwona. Nikaita. Nikamkuta nyuma, chini ya mlingoti. Kipande cha ngazi kilikatika akiwa juu. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Alikuwa amelala pale tangu asubuhi, midomo imekauka, na waya wa mita bado umo mkononi. Umeme alikuwa ameukata, mshukuru Mungu.

Nimemleta zahanati ya watu wa chumvi. Tabibu ameufunga kwa mbao na plasta. Anasema apelekwe mjini kupigwa picha. Yeye amekataa. Anasema vipimo vya safu ya juu vimefika nusu na wenzake wanavisubiri, hawezi kuviacha. Nimembembeleza, amekataa. Ameniuliza kama nadhani Mkuu atakasirika kwa kuchelewa.

Mama, mimi nimenyamaza kama ulivyoniomba. Lakini jambo hili sasa limenishinda. Kama humwambii wewe, safari ijayo nitamwambia mimi.

Polepole


Mjini
23 Mei

Bwana Mita,

Polepole atakupa barua hii mkononi na atasimama nje mpaka umalize kuisoma. Nimemwomba asiondoke haraka.

Hakuna anayevisubiri vipimo. Maabara imefungwa. Ilifungwa Januari, kabla sanduku lile halijakufikia. Visahani ulivyotundika ndivyo vya mwisho kutoka kwenye tanuri langu; nilivifungasha wiki ileile tuliyoambiwa, nikasema angalau hivi viende. Walitupanga uani, Mkuu akasoma karatasi, akasema ahsanteni, akastaafu. Nililizima tanuri kwa mkono wangu. Matofali yalilia mchana kutwa yakipoa. Chumba chako kimejaa mafaili mpaka dirishani, na mita zako zimechukuliwa na chuo. Mimi wamenihamishia stoo ya shirika. Nagawa buti na kofia ngumu kwa mafundi wa nguzo. Hakuna ufa kwenye tanuri, hakuna salamu za Mkuu. Zote nilizitunga.

Jina lako halikuwamo kwenye ile karatasi. Mkuu aliahidi kukuandikia mwenyewe, na mwanzoni nilimngoja yeye. Halafu barua yako ikaletwa stoo, ukaniambia visahani vyangu vimenyamaza. Niliisoma nimekaa juu ya boksi la buti, watu wamepanga foleni wananisubiri. Katika miaka yote ya kuyeyusha, hakuna aliyewahi kuniletea habari kama ile. Nikasema nitamwambia baada ya barua ijayo. Ikaja ijayo, nikasema baada ya nyingine.

Sitaki kujipamba. Nilimwambia Polepole kwamba nakuhurumia wewe. Nilijihurumia mimi. Siku ya barua yako ndiyo siku iliyokuwa na jina katika mwezi wangu, zile nyingine zilikuwa zinapita tu.

Ukaniuliza kuhusu safu ya juu. Ulisema ngazi imeliwa, ukasema nikikwambia si lazima unaiacha. Ilikuwa si lazima. Nilijua hakuna mtu duniani anayehitaji namba zile. Nikakwambia panda, kwa sababu barua ya vipimo vipya ingekuwa ndefu zaidi.

Nenda ukapigwe picha ya mguu. Polepole ana mafuta ya kutosha kufika hospitali. Mengine yote unaweza kunifanyia, lakini hilo nakuomba.

Sijui nitie sahihi gani.


Kituo cha Majaribio
8 Juni

Kwa mgawa buti,
Stoo ya Shirika

Barua yako nimeipata. Picha nimepigwa. Mfupa umekaa vibaya kidogo, nitachechemea.

Nataka ujue jambo moja tu. Asubuhi ile chini ya ngazi nilikuwa siwezi kusogea. Jua lilinitoka usoni likaenda upande wa pili wa mlingoti. Sikulia, kwa sababu nilikuwa najiambia: wako watu mahali fulani wanaongoja namba hizi, wakikosa wataulizia, wakiulizia watakuja. Hilo ndilo lililonishikilia roho. Nilikuwa nimekushika wewe, na wewe hukuwapo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yako umeipitisha kwenye mguu wangu.

Polepole nimemwambia ateremshe maji getini, asiingie ndani. Wewe usiniandikie.

Mpimaji


Mjini
30 Juni

Bwana Mita,

Umesema nisiandike. Naandika, na usisome ukitaka, Polepole ataiacha getini pamoja na maji.

Vipimo vyako nilivinakili upya kwa mwandiko safi, nikavipeleka kwa mhandisi wa nguzo ghorofa ya tatu. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti, akavisoma kwa makini, akaniuliza maswali ya maana, hata akaita mwenzake aje atazame. Akasema ni kazi nzuri sana. Halafu akasema visahani vya miaka mitano vimekwisha kuagizwa, vya aina ileile ya zamani, meli iko njiani. Hakuwa mtu mbaya. Alinisindikiza mpaka ngazi.

Nilitaka ujue kwamba vimesomwa. Mara moja, na watu wawili wanaoelewa. Sikukuahidi zaidi ya hapo na sasa siahidi kitu tena.

Mama Moto


Mjini
21 Julai

Leo amekuja fundi mmoja kuchukua buti, mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Nimempa jozi mbili. Msimamizi amenigombeza. Nimemsikia na sikumsikia.

Binti yangu alikuja kunitembelea. Akauliza yule mjomba wa chumvi siku hizi haandiki? Nikasema ana kazi nyingi. Akanitazama vile wanavyotazama watoto waliokua, akaosha vyombo, akaondoka jioni.

Polepole anasema unatembea na fimbo na unampungia mkono ukiwa mbali. Ananiambia kama mtu anayeniletea zawadi.

Sina la ziada. Nilikuwa natazama ukuta wa stoo nikaona upande wa pili hakuna mtu wa kugonga.

M.M.


Kituo cha Majaribio
9 Agosti

Polepole,

Ukifika usinikute usiogope, sijafa na sijaanguka tena. Nimeondoka leo asubuhi na lori la chumvi. Dereva wake anaimba vibaya, lakini nimemwambia aimbe tu.

Wewe sina kinyongo nawe tena. Uliombwa siri ukaitunza, na siku ilipozidi uzito uliitua. Ni zaidi ya walivyofanya wengi. Lakini gari lako sikutaka kulipanda, kwa sababu nilijua njiani ungenyamaza kwa huruma na mimi ningeanza kuzungumza, na nayataka maneno yangu yafike mjini yakiwa mazima.

Nakwenda kumwona yule mwanamke uso kwa uso. Barua zimenichosha. Kwenye barua mtu anasema alichokipanga, na anayesoma anasikia sauti anayoitaka yeye. Kwa hasira nilisoma ile yake ya Mei mpaka ikachanika penye mkunjo, na kila nikiisoma naona jambo ambalo jana halikuwapo. Sijui nikifika nitamgombeza au nitaketi tu. Nimejaribu kupanga, nimeshindwa. Mwambie chochote ukimwona, ila usimwambie nakuja, asije akajiandaa.

Maji yaweke chini ya meza. Umeme wa mlingoti sikuuzima, ni uleule unaokwenda kwenye pampu za chumvi. Usiguse kitu nyuma kule.

Ahsante kwa siku ile.

Bwana Mita


Kituo cha Majaribio
10 Agosti

Wewe,

Naandika juu ya meza yako, na kalamu yako. Barua uliyomwachia Polepole nimeisoma mimi, yeye alinisukumia akatoka nje kuvuta sigara.

Nilichukua likizo. Sikukuarifu, kwa sababu ungesema nisije na ningekutii. Jana mchana tulipishana na lori la chumvi kwenye kona ile yenye mawe meupe. Vumbi lake lilitufunika, nikapandisha kioo cha dirisha. Nilimsikia mtu anaimba vibaya, nikacheka. Polepole alisema huyo ni dereva wa chumvi. Hatukujua zaidi. Ndivyo tulivyopitana mimi na wewe, Bwana Mita, karibu kiasi cha kupeana mkono.

Tulipofika, mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Niliita. Halafu nikaona kitanda kimetandikwa sawasawa, kama cha mtu asiyejua kama atarudi, na nikaketi kwenye kiti hiki. Kiti kimoja. Kikombe kimoja. Uliniambia, lakini nilisoma kama mtu anavyosoma habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

Magharibi ukungu ulipanda. Nilitoka nikasimama mbali, usinigombeze, sikugusa kitu. Vile vya zamani viliguna, kweli, kama mzee. Cheche za buluu zikaanza kutembea. Vyangu vilikuwa vimenyamaza, juu na katikati, vinang'aa kwa mwanga wa vile vinavyoungua. Nilisimama mpaka nguo zikalowa. Nilijiuliza ni jioni ngapi ulisimama hapa peke yako ukiviangalia kwa ajili yangu, na mimi niko kule natunga salamu za Mkuu. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuomba radhi, nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Hapa nje hayakuwa na maana, nikayaacha.

Asubuhi hii tulikuwa tugeuze turudi. Springi ya gari imekatika getini, na Polepole anasema nyingine italetwa na lori la wiki ijayo, labda. Karani wa chumvi anakwenda mjini sasa hivi kwa pikipiki. Barua ataibeba amwachie mlinzi wa stoo, mimi hana pa kuniweka, nyuma kuna gunia na jenereta.

Basi nisikilize, maana naogopa jambo moja tu. Utakwenda maabara, utakuta kufuli. Utakwenda stoo, watakwambia nimesafiri, na mlinzi anajua nilikokwenda, atakuambia. Na wewe utapanda lori la kwanza la kurudi huku, kwa haraka zako, na mimi nitakuwa barabarani nikija. Usipande. Nakuomba mara hii ukae. Mmoja wetu lazima akae, na mwenye mguu mbaya ni wewe.

Nyumba yangu mlinzi anaijua. Ufunguo uko kwa jirani, mama mwenye mlango wa kijani. Mwonyeshe barua hii, mwandiko wangu anaujua. Ingia. Chai iko kwenye kopo lenye mfuniko mwekundu. Kitanda cha binti yangu kina shuka safi. Ukiwa bado una hasira, itunze, nikija utanipa yote, nitaketi nisikie mpaka mwisho.

Sijui nitafika siku gani wala saa gani. Tangu binti yangu aolewe sijawahi kurudi nikakuta nyumba ina mwanga. Kila jioni washa taa ya barazani.


Mimi